Ukikosea na Msumeno Unajifunza, Kindege cha Simu Hakikufundishi Kitu

Hebu inama uangalie chini ya kitanda chako. Kuna nini huko? Gitaa lenye nyuzi tatu? Redio uliyosema utaitengeneza wikendi? Ile kozi ya mtandaoni uliyolipia ukasoma somo la kwanza pekee haionekani huko chini, lakini na yenyewe ipo. Usione haya, tuko wengi. Kama kungekuwa na chama cha watu wasiomaliza vitu, mimi ningekuwa mwenyekiti.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Sitakuchosha na hadithi ndefu. Karo ilikwama, halafu hamu nayo ikakwama, na siku moja nikajikuta Eastleigh naandika blogu kuhusu simu na gemu huku nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba nitarudi muhula ujao. Mihula ikapita. Kila nikianza jambo jipya, mama alikuwa na swali moja tu: "Na hili nalo utalimaliza?"

Leo nataka kukupa habari ya kitu nilichokimaliza. Ni kabati la gemu. Unalijua hata kama hujawahi kuligusa: lile sanduku refu la mbao lenye skrini kwa juu, jostiki na vitufe vya rangi kwa mbele, ambalo mchezaji anasimama mbele yake na kupambana. Nililijenga Griftu, Kaunti ya Wajir, nikiwa sijawahi kukata ubao hata mmoja maishani mwangu. Limeinama kidogo upande wa kushoto. Bado nakwambia ujenge lako, au ujenge chochote kile, na sababu yangu haihusu gemu peke yake.

MBUZI WAWILI WA AYEYO

Mama alinituma Griftu kwa kaka yake, abti wangu, nikae mwezi mmoja "upumzishe kichwa." Najua wewe wa Nairobi ukisikia Griftu unawaza mchanga na ngamia, basi. Vipo, sikatai. Lakini huo ni mji, makao ya eneo bunge la Wajir Magharibi. Una soko, una shule, una kituo cha mafunzo ya ufugaji, na una vijana wenye simu kama yako. Jioni wanakaa kivulini vile wewe unavyokaa kwenye ngazi za ploti, na wanatazama skrini zilezile.

Nilimkuta binamu yangu wa miaka 19 akila peke yake nje. Nyanya yetu, ayeyo, alikuwa hazungumzi naye. Nikauliza kuna nini. Nikaambiwa ayeyo aliuza mbuzi wawili, akampa kijana pesa zile akamlipe fundi wa tangi la maji. Pesa hazikufika kwa fundi. Zilienda usiku mmoja kwa kile kindege cha kwenye simu, unakijua, kinachopaa huku namba zikipanda, kisha kinatoweka sekunde moja kabla hujabonyeza.

Usiniambie hiyo ni shida ya Wajir. Iko Umoja, iko Kisumu, iko Likoni. Mwishoni mwa Aprili 2025 bodi ya serikali iliyokuwa ikisimamia kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari nchini kwa siku 30, kwa sababu mambo yalikuwa yamezidi. Hatua nzuri. Lakini matangazo yanaweza kunyamaza na simu ikabaki mfukoni, na kijana asiye na la kufanya saa nne usiku ataitoa tu.

Nilitaka kumkemea. Halafu nikajiuliza, mimi niliyeacha chuo nusu, nimkemee kwa mdomo gani? Nikamwambia, "Walaal, unajua kushika msumeno?"

"Sijui."

"Hata mimi. Twende kwa abti."

SANDUKU LA KWANZA LILIKUWA LA MBAO TU

Kabla hujasema mashine kama hizi ni mambo ya viwanda vya Marekani na Japani, sikia ilivyoanza. Mwaka 1972, kule California, kampuni changa iitwayo Atari ilikuwa na mhandisi kijana, Allan Alcorn. Bosi wake, Nolan Bushnell, alimpa zoezi la kujifunzia: tengeneza gemu ya mpira wa meza ya kuchezwa kwenye skrini. Alcorn alinunua runinga ya kawaida ya dukani, nyeusi na nyeupe, aina ya Hitachi, kwa dola 75. Akaiingiza ndani ya kabati la mbao la futi nne hivi. Wakaliweka kwenye baa moja mjini Sunnyvale.

Baada ya siku chache baa ikapiga simu kwamba mashine imekufa. Alcorn alipoifungua alikuta haijafa. Chombo cha kupokea sarafu kilikuwa kimejaa hadi kufurika. Gemu hiyo ndiyo Pong, na biashara ya gemu duniani ilipanda juu kutoka hapo. Baadaye Japani ikaleta Space Invaders mwaka 1978 na Pac-Man mwaka 1980. Lakini mwanzo ulikuwa runinga ya dukani ndani ya sanduku la mbao.

Mwaka huohuo wa 1972, Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira hapa Kenya. Ripoti hiyo ilisema jambo ambalo wakubwa hawakuwa wamezoea kulisikia: kwamba wapiga nyundo, washonaji na maseremala wa kando ya barabara, ambao askari walikuwa wakiwafukuza, ni wazalishaji wa kweli na uchumi unawahitaji. Hao ndio leo tunawaita jua kali. Kwa hiyo abti wangu, anayetengeneza milango, vitanda na madawati chini ya mabati yake Griftu, hana tofauti kubwa na huyo Alcorn. Kilichomkosa ni runinga ya kuingiza ndani.

MILIMITA 36 ZILIZONITOA JASHO

Abti alituambia tusiguse ubao kwanza. Akatupa katoni kuukuu za mafuta na kisu. "Jengeni la katoni, la kimo chake kamili. Mkikosea, mbuzi watakula." Tulicheka, lakini hilo ndilo somo ambalo nitakuachia hata ukisahau mengine yote. Katoni ni bure. Ukisimama mbele ya kabati la katoni utajua mara moja kama skrini iko juu mno au kama mikono yako itachoka. Letu la kwanza lilikuwa na vitufe kwenye usawa wa kifua, tukawa tunacheza kama watu wanaochungulia ukuta. Tukashusha hadi karibu sentimita 95 kutoka chini, hapo mikono ikatulia.

Ubao wenyewe ulikuwa plaiwudi ya milimita 18, ule ubao mzima wa futi nane kwa nne, uliokuja na lori ukafika kona moja imepondeka. Ulitosha kwa sababu kabati letu lina kimo cha mita moja na nusu tu. Mbavu mbili, kila moja upana wa sentimita 60, zinakaa bega kwa bega kwenye ubao mmoja, na kipande kinachobaki kinatoa vipande vya kulalia katikati. Mgongo tuliufunika kwa hadibodi.

Sasa aibu yangu. Skrini niliyokuwa nayo, kompyuta ya mtumba ya inchi 22, ilikuwa na upana wa sentimita 51. Nikapanga kabati liwe na upana wa sentimita 53 kwa nje, nikijiona nimeacha nafasi ya kutosha. Tukakata. Tukapiga gundi na skrubu. Tukaleta skrini kwa fahari kama watu wanaoleta bibi harusi. Haikuingia.

Umeona kosa? Kila ubavu una unene wa milimita 18. Mbili ni milimita 36. Nafasi ya ndani haikuwa sentimita 53, ilikuwa 49 na kidogo. Chuoni nilifanya hesabu za matriki, lakini sikukumbuka kwamba mbao zina unene.

Nilikaa chini kwenye vumbi la mbao nikaisikia ile sauti ninayoijua vizuri. Inasema: acha, rudi Nairobi, andika posti ya kuchekesha kuhusu jinsi ulivyoshindwa. Binamu naye alikuwa ameshatoa simu mfukoni. Sitasahau hilo. Dakika mbili tu baada ya kushindwa, mkono ulikuwa unakitafuta kindege.

Abti hakutuambia pole. Aliuliza, "Imepungua kiasi gani?" Tukapima. Akachukua mabaki ya mbao, akapasua vipande vyembamba vya sentimita moja na nusu, akatuonyesha jinsi ya kuvipachika pande zote mbili kati ya ubavu na vipande vya katikati. Kabati likapanuka sentimita tatu. Skrini ikaingia. Vipande vile vinaonekana hadi leo kama mistari miwili myeupe, na watoto wanaamini ni mapambo.

Hapo ndipo jambo fulani lilinigonga kichwani. Ukikosea na msumeno, kosa linabaki mbele yako, unaweza kulipima, na likipimika linarekebishika. Kesho hutakosea hapo tena. Kindege je? Ukikosea leo, kesho mkono wako umekuwa hodari zaidi? Hata chembe. Unaweza kukicheza miaka kumi na ukabaki palepale ulipoanza, ila na mbuzi wachache. Hata gemu halisi, hii ya jostiki, ukifungwa leo unajua ni kwa nini, na kesho kidole kinawahi. Kwangu mimi, hii ndiyo tofauti kati ya mchezo na mtego: katika mchezo, kushindwa kunakufundisha.

MENGINE NILIYOYALIPIA ILI WEWE USIYALIPIE

Kata mbavu mbili kwa pamoja, zimebanwa zikalaliana, ili zifanane. Ukizikata moja moja utapata pacha wasiofanana na kabati litayumba maisha yake yote.

Kona iwe kona. Mafundi wa nyumba wanajua siri ya tatu, nne, tano: pima sentimita 30 upande mmoja, 40 upande mwingine, na kama kutoka alama hadi alama ni 50 kamili, kona yako iko sawa. Fremu ikishasimama, pima tena kutoka kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, uko sawa. Sisi tulipima fremu ikiwa imelala, hatukupima iliposimama. Ndiyo maana yetu imeinama.

Toboa kwa drili kabla ya kutia skrubu, na uitobolee mbali kidogo na ukingo. Plaiwudi imeundwa kwa tabaka, ukiilazimisha inapasuka katikati kama mandazi. Kwa sehemu kavu kama Wajir usiache ubao uegemee ukutani kwenye jua ukisubiri kesho. Utapinda. Ulaze chini kivulini.

Vitufe vingi vya mashine hizi vinataka tundu la milimita 28 au 30. Pima vya kwako kwanza, ndipo utafute msumeno wa duara unaolingana. Sisi tulitoboa kwanza, kisha tukakesha na msasa tukiyapanua matundu manane.

Funga kitambaa puani unapokata na unapopiga msasa, hasa kama unatumia MDF, kwa maana vumbi lake ni laini na halifai mapafuni. Toboa matundu ya hewa nyuma, juu na chini, ili joto lipate njia. Na mambo ya umeme mwachie anayeyajua kama wewe hujui. Letu linatumia sola na betri. Kompyuta iliyo ndani ni ile ndogo ya Raspberry Pi, ambayo ni ya ukubwa wa kadi ya benki, inakula umeme kidogo sana, na inaendesha programu ya bure iitwayo RetroPie. Gemu tulizoweka ni zile ambazo watunzi wenyewe wamezitoa bure. Ukitaka kuheshimiwa kazi yako ya mikono, heshimu ya mwenzako ya kichwa.

Gharama? Ubao Sh4,500, skrini ya mtumba Sh4,500, jostiki na vitufe Sh4,000, gundi, skrubu, msasa na rangi Sh1,500. Kompyuta ndogo nilikuwa nayo. Jumla Sh14,500. Kule Griftu hiyo ni kama bei ya mbuzi wawili, na usifikiri hatukuliona hilo.

TUNDU LA SARAFU LIKO WAPI?

Habari husafiri haraka mji mdogo. Kabla rangi haijakauka, watu walikuwa wakisema kwamba nyumbani kwa fundi kumeletwa mashine ya kamari. Usiwacheke. Miaka michache iliyopita nchi hii ilijaa yale masanduku ya kutumbukiza sarafu ya shilingi 20, madukani na hata karibu na shule, hadi serikali ikaanza kuyakusanya na kuyateketeza. Mtu akiona sanduku lenye taa na vitufe, ana haki ya kuuliza.

Mzee mmoja jirani akaja na fimbo yake. Hakutusalimia kwa maneno mengi. Alizunguka kabati mara mbili, akapapasa mbele, akapapasa ubavuni. "Tundu la pesa liko wapi?"

"Halipo, adeer," nikamjibu.

"Na anayeshinda anapata nini?"

Binamu ndiye aliyejibu. "Anapata kucheza tena, adeer. Anayeshindwa anampisha mwenzake."

Mzee akakaa kwenye benchi. Alitaka kujua masharti, nasi tulikuwa tumeyaandika ukutani: saa za shule limezimwa, adhana ikisikika linazimwa, hakuna kuwekeana pesa hata ya kutania, na baada ya alasiri kuna saa moja ya wasichana pekee, kwa sababu binti wa abti alishikilia msumeno kama sisi na hakukubali kusukumwa nyuma. Mzee akasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama ndani ya sanduku hilo kuna shax.

Shax, kama huijui, ni mchezo wa akili ambao wazee wa Kisomali wanaucheza mchangani. Unachora miraba mitatu mmoja ndani ya mwingine, mnaweka vijiwe, na anayepanga vitatu kwenye mstari anamla mwenzake kimoja. Mtu mzima anaweza kupoteza mchana mzima hapo na asipoteze shilingi. Nikamwambia haimo. Binamu akasema labda ataiandika yeye, kwa kuwa ile kompyuta inakubali mtu kuandika programu zake. Akaanza kumwelezea mzee: vijiwe tisa tisa.

"Kumi na mbili," mzee akamkata. "Kila mtu kumi na viwili. Nani alikufundisha tisa?"

Programu hiyo bado haijakamilika. Bodi inaonekana kwenye skrini, vijiwe vinakaa, lakini havijajua kulana. Mzee anapita kila Ijumaa kuuliza imefika wapi.

Na usidhani kijana wa Kenya kuandika gemu ni ndoto. Wesley Kirinya alitoa Adventures of Nyangi mwaka 2007, na mwaka 2015 ikaja Nairobi X, ambamo unailinda Nairobi dhidi ya wavamizi kutoka anga za mbali. Wote walianza na kompyuta na ukaidi.

AYEYO HAKUTUMIA FUTI

Nilikwambia ayeyo alikuwa hazungumzi na binamu. Siku tuliyosimamisha kabati alikuja akasimama mlangoni, akaliangalia kwa muda mrefu. Sisi hatukuwa tumeona kwamba limeinama. Yeye aliona hapohapo. "Limeegemea kama ngamia aliyechoka," akasema.

Kumbuka huyu ni mwanamke aliyejenga nyumba yake mwenyewe zaidi ya mara anazoweza kuhesabu. Katika ufugaji wa Kisomali, aqal, ile nyumba ya fito zilizopindwa na mikeka, ni kazi ya wanawake. Wanaijenga, wanaibomoa, wanaipakia kwenye ngamia, wanaijenga tena penye malisho. Hakuna msumari hata mmoja. Kipimo ni dhiraa, kiwiko hadi ncha ya kidole. Tunaposema vijana wetu hawana desturi ya ufundi, tunamsahau ayeyo. Ufundi upo nyumbani. Sisi ndio tuliokaa tukisubiri mtu wa mbali atuletee.

Alimwita binamu, akamwonyesha kwa fimbo mahali pa kuweka kabari chini ya mguu wa kushoto. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea naye baada ya wiki tatu. Sitakudanganya kwamba yote yakaisha hapo. Pesa bado ni deni. Lakini abti alipoona kijana anajua kupima, alimpa kazi ya madawati, na kwa malipo yake binamu ameshamnunulia ayeyo mbuzi mmoja. Amebaki mmoja.

Nimemuuliza kama bado anakifungua kile kindege. Akanijibu kwa ukweli: "Siku nyingine, ndiyo. Lakini sasa mkono una kitu kingine cha kushika." Sitakuuzia kabati la gemu kama dawa ya kamari. Mtu aliyezama anahitaji watu, na wakati mwingine anahitaji mshauri. Ninachosema ni kwamba mkono mtupu ndio unaonaswa kwanza.

WAKUBWA NAO WANA LA KUFANYA

Nikikuachia wewe peke yako mzigo huu nitakuwa mnafiki. Sisi tulikuwa na bahati ya kuwa na abti mwenye vifaa. Wengi hawana abti wa namna hiyo. Katiba ya 2010 iliwapa serikali za kaunti jukumu la polytechnic za vijiji, ambazo leo tunaziita vituo vya ufundi. Katika vituo hivyo kuna misumeno, kuna meza za kazi, kuna walimu. Jumamosi vinafungwa kwa kufuli. Ombi langu kwa magavana, kuanzia Wajir hadi Nairobi, ni dogo: fungueni karakana Jumamosi moja kwa mwezi, mweke fundi mmoja wa kusimamia usalama, na mwacheni kijana yeyote aingie, awe amesajiliwa au hajasajiliwa. Watoto wa shule za sekondari msingi wanasoma somo la mafunzo ya awali ya ufundi. Somo hilo litakuwa la kukariri tu kama mtoto hajawahi kuruhusiwa kuharibu ubao.

Na kwako wewe uliyeacha chuo kama mimi: mlango haukufungwa wote. Mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, NITA, inawatahini mafundi kwa viwango vya tatu, pili na kwanza, useremala ukiwemo. Kinachopimwa hapo ni pamoja na kazi ya mikono yako. Fundi aliyejifunzia chini ya mabati anaweza kutoka na cheti. Binamu anajiandaa kwa kiwango cha tatu. Mimi nimechukua fomu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sijaiweka chini ya kitanda.

Kuna watakaosema pesa zile tungemrudishia ayeyo moja kwa moja, tuachane na mchezo. Nimeliwaza sana. Zilikuwa akiba yangu, na labda wana haki. Lakini tungelipa deni na kumwacha kijana vilevile, jioni ileile, simu ileile. Sasa analipa yeye mwenyewe, kwa kazi ya mikono yake, na ayeyo anapokea kutoka kwake. Hilo nisingeweza kulinunua kwa Sh14,500.

Basi fanya hivi. Jumamosi hii tafuta katoni dukani, zipo za bure. Chora kitu unachokitaka: kabati la gemu dogo la kuweka mezani, rafu ya vitabu, kibanda cha kuku wa mama, kiti. Kikate, kisimamishe, kiangalie. Jumapili nenda kwa fundi wa mtaani kwako, umwamkie kwa heshima, umwombe akuonyeshe kukata mstari mmoja ulionyooka. Wengi watakuonyesha. Wachache watakufukuza, uende kwa mwingine. Utakosea. Pima kosa lako, liandike, urudi.

Siku nilipomaliza nilimtumia mama picha, kabati limewashwa, watoto wamejipanga foleni. Nilisubiri lile swali lake. Akakaa kimya muda, kisha akapiga simu.

"Mbona limeinama?" akauliza.